Kanga Ndani ya Injini

Fundi Nyange alivuta kitambaa kutoka kwenye tundu la silinda, kikatoka kikavu na wekundu wake. Kipande cha kanga. Vingine vilikuwa vimeziba matundu yaliyobaki, na bolti zote zimerudishwa mahali pake.

"Taher," akaniambia, "mwizi gani huyu, anakufunikia injini isiingie vumbi?"

Nyumbani kwetu mjini Chake mwizi huyo alikuwa na jina. Miaka ile ya sitini, magari ya watu yalipokuwa yakichukuliwa na serikali, gari ya baba yangu Zulfiqar iliachwa kwa sababu haikuweza kwenda: silinda hedi yake, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imetoweka. Bakar, dereva wetu, akaanguka mkarafuu akafa kabla hajaulizwa. Mama akamwita mwizi. Baba hakumwita kitu. Aliona haya kumwendea mjane kwa habari ya chuma.

Mwaka juzi mama, macho yakimfifia, alisema anataka kupanda gari ile tena mpaka Pujini, alikopelekwa na baba akiwa bi harusi. Nikajitia kazi. Injini yetu ilikuwa na chapa ya mwaka 58, na hedi zilizopatikana Dar zote zilikuwa za miaka ya baadaye. Matundu yake ya maji hayakulingana na yetu. Nilishaanza kutafuta namna ya kumwambia mama haiwezekani.

Kwa swali lile la fundi, nikakichukua kile kitambaa mpaka kijijini Ole. Bi Mwanamize, mjane wa Bakar, alikuwa akianika karafuu. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikakunjua kiganja. Akaketi palepale jamvini.

"Kanga yangu ya harusi hii," alisema.

Aliniingiza ndani, akanionyesha uvungu wa kitanda. Nikavuta mzigo mzito uliofungwa kwa kanga ya pili ya doti ileile. Ndani yake hedi iling'aa mafuta, na 58 yake ikisomeka vizuri kabisa.

"Bakar alisema Bwana Zulfiqar asijue iliko, ili akiapishwa aape kwa haki. Na mie nsiitoe mpaka mje wenyewe kuiuliza. Basi kila msimu wa karafuu ukisha naipaka mafuta ya nazi, isishike kutu."

"Miaka yote hii, bi mkubwa?"

"Amana, mwanangu. Nkangoja."

Nililia mbele yake, mtu mzima na mvi zangu. Nashukuru mpaka leo kwamba hakuniuliza tulikuwa tukimsema vipi mumewe.

Siku ya safari nilimleta Bi Mwanamize mpaka mlangoni kwetu. Mama yangu Maliha alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, injini ikinguruma taratibu. Alikuwa ameshasikia yote kutoka kwangu. Aliteremka, akaipapasa gari ubavuni mpaka akaupata mlango wa nyuma.

"Mbele kaa weye, Bi Mwanamize. Gari yako hii."

"Gari ya wenyewe, Bi Maliha."

"Wenyewe ndio tunaokwambia."

Akakaa. Mpaka tunafika Pujini, mama alikuwa amemshika bega kutoka nyuma.