Usiniite Kando

Nalianya alikuwa ameondoka, na hakuna aliyejua kwa nini. Hilo ndilo lililomkera Truphena. Watu huacha kazi kila siku, lakini huacha kwa maneno, na mara nyingi maneno mengi kupita kiasi. Huyu alikwenda kimya.

Wenye vibanda vya mafundi wa jua kali kule mtaa wa Lucky Summer walikuwa wamemwajiri Truphena kwa majaribio, awashughulikie mambo ya wafanyakazi: mikataba, likizo, ugomvi, na mengine ambayo mwenye kibanda hana muda nayo. Walimwita Madam, kwa heshima iliyochanganyika na kicheko. Sasa Ndirangu, mwenye kibanda cha masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, alikuwa amemjia amefura.

"Madam, umenimaliza," alisema. "Nimefanya vile ulisema. Nimemwita Nalianya kando, polepole, nimwambie nataka awe mkubwa wa mafundi. Kabla nifungue mdomo, amevua aproni, amechukua nyundo yake, ameenda. Simu hashiki. Asiporudi, mimi na wenzangu hatuna haja na wewe."

Ushauri ule ulikuwa wa Truphena, na aliuonea fahari: ukiwa na neno na mfanyakazi, mwite kando, sema naye kwa sauti ya chini, usimwaibishe mbele za watu. Sasa ni nani huyu anayemkimbia mtu aliyemletea cheo? Mwingine angeanza kujitetea. Yeye aliwashwa na hamu ya kujua, na kuuliza si ujinga, ijapokuwa kule kibandani walikuwapo waliodhani ni ujinga mtupu.

Akamfuata Ndirangu hadi kibandani kwake, akavuta kigoda, akaketi, akatazama. Nyundo zilitwanga bati hata mtu asiweze kusikia mawazo yake mwenyewe. Ndirangu alipita katikati akipiga mayowe.

"Wekulo! Hiyo ni sanduku ama kaburi ya panya?"

Watu walicheka, na Wekulo akacheka kuwashinda wote, akachukua bati jingine akaanza upya. Nabalayo, mama aliyepaka masanduku rangi, alisifiwa kwa mayowe yale yale. Truphena alistaajabu. Yeye angeambiwa vile mbele za watu angelia wiki nzima. Mbona huyu Wekulo anapiga mluzi?

Akaona heri amuulize mwenyewe. Akamsogelea, akainama, akashusha sauti. "Wekulo, hebu njoo kando kidogo."

Nyundo ya Wekulo ikabaki hewani. Ya jirani yake ikanyamaza, kisha ya yule wa pili, mpaka kibanda kizima kikatulia. Uso wa Wekulo ulisawijika. Taratibu akaanza kuvua glavu.

"Ni sawa tu, Madam. Wacha nichukue vitu zangu."

"Vitu vya nini? Mimi nataka kukuuliza swali tu!"

"Si umeniita kando?"

"Kwani mtu akiitwa kando kuna nini?"

Wekulo alivua glavu ya pili. Nabalayo ndiye aliyemjibu, brashi mkononi. "Anaenda nyumbani, mwanangu. Hapa neno nzuri husemwa watu wakisikia. Hata ukikosa unagombeshwa hapa hapa, na ukigombeshwa ujue bado uko. Mdosi wako wa kazi akianza kukunong'oneza, umeisha."

Aibu ilimshika Truphena mpaka masikio yakamchoma. Basi Nalianya alidhani amefutwa, akabeba nyundo yake mapema asije akaonekana anabembeleza mbele ya wenzake. Na aliyemfukuza si Ndirangu. Ni yeye Truphena, kwa adabu zake.

Nabalayo alijua kwamba Nalianya ana binamu mtaa wa Shauri Moyo. Kesho yake Truphena alikwenda, akauliza huku na huku, akamkuta Nalianya akigonga majiko kwenye kibanda cha binamu yule. Hakumsogelea. Alisimama barabarani, akapaza sauti hata wapita njia wakageuka.

"Nalianya! Hukufutwa! Ndirangu anataka uwe mkubwa wa mafundi! Mimi ndiye nilimfundisha akuite kando!"

Nalianya aliweka nyundo chini. "Mbona yeye hajasema?"

"Atasema. Wote wakisikia."

Na waliporudi kibandani Ndirangu akasema, tena amepanda juu ya sanduku. Mafundi walipiga bati kwa nyundo kumshangilia mkubwa wao mpya, na Nalianya akajifunga aproni huku akijifanya ana vumbi machoni.

Kisha Ndirangu akateremka, akamjia Truphena. Alifika karibu sana.

"Na wewe, Madam," alianza, polepole, kwa sauti ya chini.

Nyundo zikanyamaza. Mkono wa Truphena ukaenda wenyewe kwenye mkoba. Aliipenda kazi hii. Hakujua aliipenda kiasi hiki.

"Mzee, tafadhali," alisema, "niambie hapa hapa. Kwa sauti."

Ndirangu alimkazia macho. Akavuta pumzi, akanguruma hadi mabati ya paa yakatetemeka.

"Madam! Wewe ni mtu wa aina gani? Fundi wangu amelala Shauri Moyo kwa sababu ya masomo yako! Na kesho ukichelewa, utanijua!"

Kibanda kiliangua kicheko, na nyundo zikarudi kazini. Truphena alisimama pale akikaripiwa mbele ya watu wote, machozi ya furaha yakimlengalenga.

"Sawa, mzee!" alijibu kwa mayowe. "Kesho nitawahi!"