Mti Unaohema

Tyra Norling alimtambua mama yake kwenye dakika ya kumi na moja. Alikuwa amesimama dukani kwa Börje, hedifoni masikioni, theluji ikiyeyuka kwenye mabega ya koti, akisikiliza kaseti mpya ambayo mji mzima wa Norrköping ulikuwa ukiizungumzia. Norrköping nzima maana yake watu sitini hivi, maana wanaojali muziki huu hawazidi hapo, na wote wanajuana. Jalada lilikuwa jeusi. Kaseti iliitwa Mti Unaohema, na aliyeitengeneza ni Sixten Hallgren, mwanamume aliyeishi na Tyra miaka sita kisha akafungasha virago vyake.

Pumzi mbili ndefu. Kimya. Halafu filimbi nyembamba ya tundu la kushoto la pua. Nyuma yake, kwa mbali, bomba la maji ya moto likigonga ukutani mara tatu. Sixten alikuwa ameipunguza kasi ile sauti na kuizamisha kwenye mngurumo mzito unaotetemesha tumbo, lakini pua ni pua, na Tyra alilala pembeni ya pua ile tangu yuko mchanga.

"Unaonaje?" aliuliza Börje. Alikuwa na miaka sabini na mbili, mwenye duka na mtoaji wa kaseti za namna hii, nakala hamsini hamsini, tangu ndevu zake zikiwa nyekundu.

"Kasema hii ni sauti ya nini?"

"Soma mwenyewe, macho unayo. Msonobari wenye uwazi ndani, huko porini Hälsingland. Upepo unaingia juu unatokea chini. Kakaa nao siku nne kwenye baridi. Nimelia, Tyra. Mbwa wangu nilimzika bila kulia, lakini huo mti umeniliza."

Tyra alivua hedifoni, akaziweka juu ya meza taratibu, akaomba maji ya kunywa.

Watu hawa wana mambo yao. Hawapigi gitaa wala hawaimbi. Wanabandika vipaza sauti vidogo kwenye barafu ya ziwa inapopasuka, kwenye mzinga wa nyuki waliojikunyata wakati wa baridi, kwenye waya wa senyenge unaopigwa na upepo, kisha wanapeleka sauti ile nyumbani na kuipika siku nyingi hadi iwe giza lenye uhai. Wasikilizaji hukaa sakafuni, wakafumba macho, na akikohoa mtu hutazamwa kama mwizi. Unaruhusiwa kuificha asili ya sauti yako hadi unaingia kaburini, hakuna atakayekuuliza. Ila ukifumbua mdomo ukaitaja, usidanganye. Kwa ajili hiyo mikutano ya Börje ina meza. Muziki ukiisha, kahawa ikimiminwa, kila mpigaji aliyetaja asili ya sauti yake huweka mezani kile alichokirekodi, jiwe au mfupa au bati, na watu hupita wakikishika.

Alfhild, mama yake Tyra, alikufa miaka mitatu nyuma nyumbani kwake Söderköping, mapafu yakiwa yamekwisha. Siku tisa za mwisho Tyra alibandika kipaza sauti kwenye ubao wa kitanda, kwa ruhusa yake mwenyewe.

"Rekodi tu," Alfhild alikuwa amesema, akicheka kwa shida. "Kuimba sikuwahi kujua, labda kukoroma kutanipatia jina. Ila iwe yako wewe, usiwasikilizishe watu."

Siku tisa, kaseti tisa. Tyra hakutoa nakala hata moja. Wako watu kwenye muziki huu wanaoamini kwamba nakala ni makombo, kwamba sauti imo kwenye utepe ule uliokuwepo chumbani na si penginepo, na Tyra alikuwa kiongozi wao katika ukaidi huo. Alivunja kijimeno cha nyuma cha kila kaseti ili mashine isiweze kurekodi juu yake, akazifunga kwenye droo. Sixten alikuwepo siku zote tisa. Alipika uji, alibadilisha mashuka, alimpangusa mgonjwa jasho. Hilo Tyra hakuweza kulikana, na ndilo lililomchoma zaidi. Kaseti zote tisa bado zilikuwa kwenye droo, kwa hiyo alichofanya yule bwana ni kunakili ya siku ya tano kabla ya kuondoka, kimyakimya, kama anayechota sukari kwenye kopo la jirani.

"Jumapili anapiga, siyo?" Tyra alimuuliza Börje.

"Saa nane mchana, pale kiwanda cha zamani cha sufu. Ndiye wa mwisho."

"Niweke mimi baada yake. Na nisitangazwe. Yeye akimaliza tu, mimi naanza."

Börje alimtazama juu ya miwani. "Mmepatana?"

"Tutapatana Jumapili."

Usiku ule alilala usingizi wa pono, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu mazishi. Alikuwa na kaseti ya siku ya saba. Hiyo Sixten hakuwahi kuisikia, na ndani yake Alfhild alizungumza. Alimwita Sixten kwa jina. Kichwani mwake Tyra alimwona jamaa akivuliwa nguo mbele ya watu wake wote, na sauti ileile aliyoiiba ndiyo ikimvua, na akaona raha hadi akajishangaa.

Jumapili ilipofika, watu hamsini na kitu walijipanga sakafuni kwenye chumba cha chini cha kiwanda, mito chini ya makalio, soksi za sufu miguuni. Sixten alikuwa pembeni akifungua kisanduku kikubwa. Alikuwa amefuga nywele. Alimwona Tyra akatabasamu.

"Tyra! Bado unarekodi milio ya mageti?"

"Na wewe bado unarekodi miti?"

"Mmoja tu. Mmoja unatosha, mtu akijua kusikiliza."

"Hongera," alisema Tyra.

Sixten akapiga dakika ishirini na nane. Ukweli usemwe, alijua kazi yake. Mngurumo ulipanda kutoka sakafuni ukapita kwenye mifupa, na juu yake pumzi ya Alfhild ikaja na kwenda, kubwa kama pango. Bibi mmoja aitwaye Gudrun, mwandishi wa kijarida ambacho wote walikiogopa, alikuwa na machozi hadi kidevuni. Tyra alisimama nyuma ya mashine yake, meno yameumana. Wanamlilia mama yangu, aliwaza, na hawajui hata jina lake.

Sixten alipoteremsha sauti hadi ikabaki pumzi tupu, Tyra alibonyeza. Hakuna aliyetambua pale mmoja alipoishia na mwingine alipoanza. Pumzi mbili ndefu, kimya, filimbi. Halafu kikohozi. Halafu sauti ya mwanamke mzee, kavu, imetulia, ikajaa chumba kizima:

"Sixten. We Sixten, uji unaungua. Uache uungue. Njoo ukae hapa, mkono wako una joto."

Kisha pumzi, pumzi, na bomba likagonga mara tatu. Tyra akazima.

Alimtazama Sixten. Uso ulikuwa umemparama, mdomo wazi. Tyra alisubiri minong'ono, alisubiri mtu asimame na kuuliza. Lakini hawa ni watu wa desturi. Walikaa dakika nzima macho wamefumba, kama inavyotakiwa, ili sauti imalizike ndani yao. Halafu wakapiga makofi. Walipiga hadi vumbi likadondoka darini. Gudrun alikuwa wa kwanza kusimama.

"Mti umegeuka mtu!" alilia. "Na huyo mtu anamwita aliyemsikiliza kwa jina! Jamani, mlipanga lini jambo hili? Miaka thelathini sijasikia kitu kama hiki!"

Na Sixten, ambaye haya aliziacha tumboni mwa mama yake, akatembea hadi kwa Tyra, akamkumbatia.

"Tulitaka iwe siri," aliwaambia watu. Halafu sikioni mwake, haraka: "Tafadhali. Tafadhali, Tyra, tutazungumza."

Hata kisasi changu ameniibia, aliwaza Tyra. Alitaka kumng'ata.

Kahawa ilimiminwa, maandazi ya mdalasini yakapitishwa. Sixten aliweka mezani kipande cha gogo lenye uwazi, kizuri, kimepigwa msasa, na watu wakapanga mstari kukigusa kama wanaogusa mtoto wa mfalme. Tyra alisubiri mstari ufike katikati.

"Lipulize," alisema.

"Nini?" alisema Sixten.

"Pulizia hilo gogo lako. Tusikie kama lina filimbi puani."

Vicheko viwili vitatu vikasikika, vikafa. Tyra hakupaza sauti. "Huo si mti. Ni mama yangu. Anaitwa Alfhild Norling, alikuwa karani wa posta, na mnachokisikia kwenye kaseti zenu ni siku ya tano ya kufa kwake. Alikufa ya tisa. Alisema watu wasisikilizishwe. Huyu bwana alinakili kaseti iliyokuwa kwenye droo yangu, akaandika msonobari, na nyinyi mmepiga makofi."

Börje aliweka kikombe chini. "Sixten," alisema, "sema ni uongo. Nakuomba, we kijana, sema anadanganya."

Sixten alikuwa akilitazama gogo lake.

Gudrun ndiye aliyeanza. Alifungua mkoba, akatoa kaseti yake nyeusi, akaiweka mezani pembeni ya gogo, mbali na vikombe. Kisha mwingine. Kisha mstari mzima ukapita upya, safari hii hakuna aliyegusa kitu, kila mtu aliacha kaseti na kwenda kusimama ukutani. Börje alizihesabu kwa macho. "Zilizobaki dukani nitaziharibu kesho," alisema. "Na wewe hutapiga tena kwangu. Wala kwa yeyote ninayemjua, na ninawajua wote."

Hapo Tyra angeweza kuchukua koti akaenda. Alikuwa amepata alichokitaka. Lakini Sixten alimfuata hadi kwenye mashine, akasimama mikono inaning'inia, na alipozungumza hakuwa tena yule wa nywele ndefu.

"Zichome zote," alisema. "Haki yako. Sina la kujitetea. Ila hicho kipande... sikujua kama kipo. Sikukumbuka kama aliniita. Nilikuwa jikoni na ule uji, nikaja nikakaa, nikamshika mkono hadi jioni. Mimi nilimpenda, Tyra. Unajua nilimpenda. Nipe hicho tu. Sitamsikilizisha mtu. Nikisikilize peke yangu, basi."

Tyra alijua kwamba anasema kweli. Hilo ndilo lililompa wazo.

"Börje," alisema bila kugeuka, "una selotepu?"

Hakuna chumba kingine duniani ambamo swali hilo lingewatisha watu hamsini. Pale kila mmoja alielewa. Kaseti iliyovunjwa kijimeno hairekodiki, ila ukiziba tundu lake kwa kipande cha selotepu mashine inadanganyika, na kilichomo kinaliwa na sauti mpya.

"Usifanye hivyo," alisema Börje.

"Una au huna?"

Alikuwa nayo, watu wa kaseti hawakosi. Aliitoa mfukoni kana kwamba inamuunguza. Tyra aliziba tundu, akarudisha utepe nyuma hadi pale kabla ya kikohozi, akaweka kipaza sauti katikati ya vikombe.

"Tyra, hapana," alisema Sixten. "Hapana, hapana, nakupigia magoti." Na kweli alipiga magoti, palepale kwenye makombo ya maandazi.

Akabonyeza kitufe chekundu. Utepe ukazunguka. Watu wale, wasiojua kufanya kitu kingine mashine inaporekodi, wakanyamaza kama waliokufa, kwa hiyo kilichosikika chumbani ni kilio cha Sixten peke yake, kibaya, cha kamasi, kinachokatika na kurudi. Tyra aliangalia vijigurudumu vikizunguka. Aliacha sekunde arobaini, kisha kumi za ziada, akazima.

"Sasa nina sauti yako," alimwambia. "Hii nayo nitaandika ni mti."

Sixten aliondoka bila koti. Gogo lake lilibaki mezani. Watu wakaanza kuvaa viatu, wakiagana kwa kutikisa vichwa, na mwishowe chumbani akabaki Börje na ufagio, na Tyra anayekunja nyaya.

"Una nakala?" aliuliza Börje.

"Unanijua. Sina."

"Basi na wewe umempoteza. Mama yako akizungumza, sauti yake hai. Zile kaseti nyingine nane, anasema neno?"

"Hasemi. Anahema tu."

Börje aliegemea ufagio. Alionekana mzee kuliko kawaida. "Kwa nini, mwanangu? Ulikwisha kummaliza. Kwa nini ujikate na wewe?"

Tyra alikunja waya wa mwisho, akaufunga, akaufungua tena. Alijaribu kuendelea na ile hasira lakini ilikuwa imekwisha, na chini yake kilikuwepo kile alichokuwa amekifunga kwenye droo miaka mitatu.

"Nilikaa kwenye kile kiti siku tisa, Börje," alisema. "Usiku na mchana. Sixten alikuja kukaa mara moja tu, kutoka jikoni, naye akaitwa kwa jina. Siku tisa nzima, na jina langu mama hakulitaja hata mara moja."