Ndevu Kwenye Geti la Kiwanda

Kiwanda cha biskuti kilipofunguliwa, mji ulipata kazi na kinyozi akapoteza wateja. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Fundi cherehani alifunga kibanda akaenda kukanda unga. Mshona viatu akaenda kupakia maboksi. Hata muuza magazeti, mvivu wa kutupwa, alipewa ovaroli na bidii ikamjia ghafla. Wote wakawa wanaondoka alfajiri na kurudi wamechoka hoi, na kinyozi, ambaye mtaa ulimwita Chapuchapu kwa sababu kichwa kimoja kilimchukua nusu ya asubuhi, akabaki kufuta vioo.

Mkewe alivumilia mpaka uzalendo ukamshinda. Jioni moja alimwambia bila kupindapinda kwamba wateja wake wako kiwandani, basi na yeye afunge kibanda akaombe kazi huko huko. Kinyozi alinywea. Kazi yake aliipenda, tena kiwanda hakikutaka ndevu, zisije zikadondokea kwenye unga, na za kwake nyeusi tii alizitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Akakubali shingo upande, ila akasema atazinyolea getini, dakika ya mwisho. Ndiyo maana asubuhi alibeba mkoba wake wa kazi.

Getini alikuta foleni, na nusu yake ni madevu matupu. Wengi hawakuwa na habari, na mlinzi alikuwa akiwarudisha mmoja mmoja bila huruma. Kinyozi akatoa kioo, sabuni na wembe ajinyoe. Weee! Ni kama alifungulia bomba siku ya mgao wa maji. Baba mmoja akamshika mkono, akamsihi aanze na yeye, ana familia. Wa pili akadai yeye ndiye aliyetangulia. Kinyozi, na moyo wake laini, akavuta kreti tupu la soda, akamkalisha wa kwanza, akachomoa wembe mpya. Sijui nini kilimpata siku hiyo, maana mikono ilikwenda mbio kama si yake. Alinyoa, akapiga soga, akawatania madevu mpaka wakashika mbavu. Alikuwa na raha, basi tu.

Mchana mkewe alikuja kuona mambo yamefikia wapi. Akamkuta mumewe ana povu hadi viwikoni na ndevu zake ziko pale pale. Damu ikamchemka. Kabla hajafungua kinywa, afisa wa ajira akatoka, akatangaza kwa leo imebaki nafasi moja, akamnyooshea kinyozi kidole: akinyoa sasa hivi, ni yake.

Kinyozi akapaka povu kidevuni, akainua wembe. Mkono ukagoma. Machozi yakamlengalenga, na mkewe akayaona. Hasira zote zikamwishia. Akatazama foleni, akaona kuwa waliokosa nafasi hawajaondoka. Walikuwa wanasubiri kunyolewa, wawe tayari kwa kesho.

Mkewe akakaza kilemba chake, akasogea mbele.

"Hiyo nafasi niandikeni mimi," alimwambia afisa. "Mimi ndevu sina."

Afisa alicheka, kisha akauliza kama ataweza kusimama kutwa nzima. Mama akamjibu kwamba hakumbuki mara ya mwisho alikaa lini. Basi akaingizwa, na geti likafungwa nyuma yake.

Kinyozi alibaki na povu lake kidevuni, kafadhaika na kufurahi kwa pamoja. Walipolizungumza jambo hili nyumbani, hakuna aliyewaza kwamba wa kwenda kiwandani angeweza kuwa mama. Akajifuta, akamwita anayefuata.

Jioni mkewe alitoka ananukia vanila, miguu inamuuma, uso umemchanua. Mumewe bado alikuwa na mtu kwenye kreti na wengine wamesimama. Mama akamwambia asijicheleweshe sana kulala.

"Kesho naingia alfajiri," alisema, "na chai utapika wewe."