Sura Mbili za Kehinde

Wifi yangu aliponiletea ombi lake nilimwambia wazi kwamba sitaki. Kazi yangu ni kuhamisha picha kutoka karatasini hadi kwenye kitambaa, watu wakatundike ukutani. Maharusi, mahujaji, marehemu, wote nimewatengeneza hapa Ogbomosho. Lakini mwanawe Taiwo alikufa kwa surua bila kupigwa picha hata moja. Mama mtu aliogopa kijicho, kila nikiinua kamera anawafunika pacha wake khanga. Sasa nihamishe nini?

"Si pacha wake Kehinde yupo?" akasema Iya Ibeji. Ndivyo tulivyomwita tangu ajifungue pacha, na hata baada ya msiba hatukuacha. "Mpige Kehinde, umtoe mara mbili. Mmoja awe Taiwo. Bibi zetu walifanya hivyohivyo."

Walifanya, kweli. Kilichonichoma roho ni kingine. Tangu mazishi mwanamke yule hakuwa amemgusa Kehinde. Mtoto wa miaka sita anajiogesha mwenyewe, anajilaza mwenyewe, anakula akikumbukwa. Akiingia ndani, mama yake hutazama nyuma yake, kumngoja wa pili. Nikajiambia, haya, pengine akiwapata wawili ukutani atamwona huyu mmoja aliye hai. Nikakubali.

Nikamvisha mtoto gauni la samawati, nikampiga picha, nikaichapisha mara mbili. Nikawamba kitambaa cha marekani kwenye fremu ya mbao, nikakipaka gundi nyeupe, nikazibandika zile karatasi ubavu kwa ubavu, kifudifudi. Gundi ikikauka, unalowesha mgongo wa karatasi na kuufikicha kwa kidole. Karatasi inatoka nongonongo kama uchafu wa mwili, wino unabaki kwenye kitambaa. Inataka mkono mwepesi, na mimi mwenye hasira zangu hujikaza kweli.

"Nipishe, wifi," akasema Iya Ibeji. "Nitafikicha mwenyewe. Ni wanangu."

"Polepole basi. Hiyo si sufuria."

Kehinde alisimama pembeni akitazama. Sura ya kwanza ikajitokeza, paji la uso, kisha macho.

"Shangazi, huyo mimi?"

"Wewe, mama."

"Na yule mwingine?"

"Nyamaza wewe," mama yake akasema.

Kwenye sura ya pili akazidisha maji, akafikicha kwa pupa. Nilimdaka mkono nikiwa nimechelewa. Wino ulishatoka na karatasi yake: macho, pua, mdomo. Likabaki gauni la samawati, na juu yake kitambaa kitupu.

Sikumfokea. Nilimwonea huruma, Mungu ananijua. "Nitachapisha nyingine," nikasema. "Tunaanza upya."

"Acha." Alikuwa anatabasamu, na tabasamu hilo lilinitisha. "Aliyefutika ni Kehinde. Taiwo amebaki."

"Umeambiwa na nani? Zote mbili ni sura ya huyu huyu! Mtazame mwanao, anakusikia."

Hakumtazama.

Aliitundika siku ileile. Akapika maharage kwa mafuta ya mawese, chakula cha pacha, akaweka sahani chini ya picha na kupiga magoti. "Taiwo, mama, njoo ule."

Kehinde alikuwa mlangoni na njaa yake. Alikuja taratibu, akaketi mbele ya sahani, akaanza kula.

"Nani amekuita wewe?"

"Umeita Taiwo."

Nilidhani atamzaba kofi, nikasogea nimkinge. Kumbe alimvuta, akampakata. Akamfuta mafuta kidevuni kwa kiganja, akamnusa nywele, akaanza kulia.

"Umerudi," akamwambia.

"Nimerudi, mama."

"Kehinde," nikaita. Nilimnyooshea mkono, kwa hasira na kwa woga pia. "Kehinde, njoo kwa shangazi."

Alinisikia. Najua alinisikia kwa sababu aliacha kutafuna. Kisha akajibana zaidi kifuani kwa mama yake, akanijibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni aliyebisha hodi:

"Kehinde hayupo, shangazi."