Mshono wa Shingoni

"...anadeka tu, wifi, mtoto gani jana jioni alicheka mpaka akapaliwa na chai, leo hawezi hata kunyanyua kichwa," shangazi anasema nyuma ya pazia, na mama anamjibu, "Punguza sauti, anasikia," na kweli nasikia, niko macho tangu giza, ila mwili haujaamka, umenilalia kama gunia la mchanga, na shangazi hasemi uongo, nilicheka, lakini aliyecheka si huyu aliyelala hapa, yule huja jua likipoa, anaoga, anasuka nywele, anamtania mama, kisha nikisinzia anaondoka, na asubuhi namkuta huyu mzito kaingia mikononi mwangu, sijamwambia mtu, ningeanzia wapi... cherehani iko pale pembeni, imefunikwa kitambaa, kama mtu aliyeinamisha kichwa, jana asubuhi mama alinikalisha pale, "Shona hata kidogo, mwanangu, utachangamka," nikashona gauni la shule la mtoto wa jirani, mguu unakanyaga, sindano inakwenda, wala sikuwaza kitu, mama alipoliinua gauni lilikuwa limezibwa shingo, bega hadi bega, mshono umenyooka, hakuna kichwa ambacho kingepita... jioni nikaufumua, nikawa najiuliza ni nani huyu mwenye mkono safi hivi... "Na kwa daktari si mlikwenda? Si alisema mzima?" ndiyo, tulikwenda mama alipotoka kazini, tukafika jioni, aliyekaa kwenye kile kiti ni yule mcheshi, nalala vizuri, daktari, nakula vizuri, nilimsikia akijibu kwa mdomo wangu nikashindwa kumkatiza, na wasipoamini nitabaki huku chini, kila siku chini zaidi, mpaka ije jioni ambayo yule mcheshi harudi, na huyu abaki na cherehani peke yake... "Usimpeleke tena, wifi, watakucheka"... mkasi unawekwa mezani, kandambili za mama zinaburuzika, pazia linasogea, anasimama mlangoni na lile gauni mkononi, kidole kinapita polepole kwenye matundu ya sindano shingoni, sasa atasema amka, atasema jikaze, nangoja, lakini ananitazama kama mtu anayemtambua mgeni aliyekuwa akimsikia tu nyuma ya ukuta, na sauti yake ni ya chini, "Usioge, usichane nywele, mama. Twende hivyo hivyo. Leo daktari amwone huyu wa asubuhi."