Kumi na Mbili kwa Mia

Kwa miaka thelathini mwalimu aliyepewa jina la Kalamu Nyekundu alifundisha hesabu, na hakuna mwanafunzi aliyemwona akitabasamu kwa alama chini ya themanini. Chini ya arobaini aliandika neno moja tu, "Aibu", akalipigia mstari kwa rula.

Kisha saratani ikamshika titi la kushoto. Upasuaji ulikwisha salama, likabaki swali moja: apigwe kemo, zile dawa kali za saratani za kupitishwa mshipani, au vidonge vitatosha? Daktari akapeleka kipande cha uvimbe maabara, akamweleza kwamba majibu yatakuja kwa alama, sifuri hadi mia. Zikiwa juu, kemo haikwepeki. Mwalimu aliandika yote daftarini kwa mwandiko safi, lakini aliogopa, tena sana. Alikuwa amemuuguza dada yake aliyepigwa kemo, akamwona akitapika hata maji.

Nyumbani alimwambia mumewe kwamba wanasubiri alama. Mume, fundi saa asiyesikia vizuri ila mlio wa saa, alishika neno hilo moja. Wiki mbili nzima mzee wa watu akapiga magoti asubuhi na jioni, akimwomba Mungu ampe mkewe mia, na kama mia ni nyingi, basi tisini. Mwalimu alimrekebisha mara tatu. Mara tatu akaitikia kwa kichwa, na kesho yake akarudi palepale. Ukiishi na Kalamu Nyekundu miaka yote hiyo, alama ndogo huwezi kuziomba hata kwa Mungu. Mazoea yana tabu.

Siku ya majibu daktari akamgeuzia karatasi. Kumi na mbili.

"Mwalimu, huhitaji kemo," alisema. "Vidonge vinatosha."

Mwalimu aliitazama ile namba, akauliza kama imesahihishwa na mtu mmoja au wawili. Daktari akamhakikishia kwamba iko sawa.

Mumewe alikuwa akingoja kwenye benchi la korido. Alipokea karatasi, akaisogeza mbali na macho, akasoma. Halafu akamshika mkono.

"Si kitu, mke wangu," alisema. "Hata kumi na mbili si haba. Utarudia, na mimi nitakuwepo."

Mwalimu alianza kucheka, kicheko kikamgeukia. Akalia palepale kwenye benchi kwa kumi na mbili kwa mia, kama walivyolia wengi mbele ya meza yake, ila wao hakuna aliyewashika mkono.