Kunguru Hawakushuka

Mama aliniambia mita mia. Nakumbuka vizuri, maana alikuwa tayari na mguu wa elki, yule paa mkubwa wa huku, mgongoni, amepinda kama koleo, na bado akageuka kunielekeza.

"Mita mia, Lyle. Kutoka kwenye matumbo mpaka pale peupe. Tundika hayo mapaja mtini, ili kesho tukiwa juu mlimani tuone kwa darubini kama kuna mtu kaja kula."

Mtu, yaani dubu. Huku kwetu Montana, dubu mkubwa wa kahawia hakimbii mlio wa bunduki, anaufuata. Novemba akisikia risasi, kwake ni kengele ya chakula. Na akishakuta matumbo, hayo ni yake, na chochote kilicho jirani nayo ni chake.

Elki jike tuliyempiga alikuwa mkubwa kama farasi, na mapaja ya nyuma, yale mazito, ndiyo yalibaki. Theluji ilinifika magotini, vidole sivisikii, jua nalo linazama. Nikayaburuta hatua kama kumi hivi. Basi nikarusha kamba kwenye tawi, nikayatundika hapohapo. Nilipomfikia Mama kwenye pikapu akauliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza.

Kwa nini sikusema kweli? Wiki nzima tulikuwa tunabishana. Shule nimemaliza Juni, nataka kwenda Dakota kwenye visima vya mafuta, nataka na pikapu ya marehemu babu niende nayo. Mama akasema, "Nenda, sikushiki mkono. Ila nionyeshe kitu kimoja tu ulichowahi kukimaliza." Tukakubaliana: nyama ya msimu huu ikiingia yote kwenye friza, pikapu yangu.

Asubuhi tukasimama juu ya mlima, Mama na darubini yake.

"Pale peupe hakuna kitu."

"Labda ukungu," nikasema.

"Ukungu upi? Yameanguka hayo. Mafundo yako nayajua, hata viatu unafunga kama mfuko wa taka."

Akacheka, akaanza kushuka. Mimi nyuma naburuta sleji, kile kitoroli cha plastiki cha kuteleza thelujini, cha kubebea nyama. Kila hatua nasema, sasa namwambia. Namwambia tukifika ule mti. Mti ukapita. Namwambia tukivuka kijito. Tukavuka.

Tukafika peupe. Theluji safi, haina hata alama ya sungura.

"Nyayo zako ziko wapi?" Mama akauliza.

Nikajifanya nakaza kamba ya sleji.

"Au ulitundika huku pembeni?" Hakungoja jibu. Akaingia kwenye misunobari, macho chini, anatafuta alama. Bunduki begani, kopo la pilipili ya kumpulizia dubu kiunoni. Mbele yake kama hatua hamsini ndipo matumbo yalipo. Upepo unatupiga usoni, kwa hiyo aliyeko kule hawezi kutunusa.

Mimi ndiye niliyetazama juu. Kunguru walikuwa kumi na kitu, wamekaa vileleni, kimya. Huku hata mtoto anajua: kunguru wakiwa chini wanagombania matumbo, pita. Wakiwa juu wamenyamaza, chini kuna mwenyewe.

Hatua arobaini. Sasa namwambia. Thelathini.

"Mama. Sikuyaleta huku. Yako palepale kwenye matumbo."

Akasimama na mguu mmoja hewani. Hakunigeukia. Akainua macho taratibu mpaka kwa kunguru, na hapo lile lundo la udongo na theluji mbele yake, nililodhani ni kisiki, likainua kichwa.

Sitasema alikuwa na ukubwa gani. Paja la elki lilikuwa chini ya mkono wake kama kuku.

"Haya, mzee," Mama akasema, polepole, kama anaongea na jirani. "Kula tu. Sisi tunaondoka." Halafu kwa sauti ileile, "Lyle, rudi kinyumenyume. Ukikimbia nitakupiga mimi kabla yake."

Kopo lilikuwa tayari mkononi, pini imetoka. Tukarudi hatua moja. Ya pili. Dubu akaja. Hakunguruma, alikuja tu, theluji inaruka pande zote, nikasikia pumzi yake. Akasimama ghafla, hatua saba kutoka kwa Mama. Akatema mate, akagonganisha meno. Mama hakubonyeza. "Haya, mzee. Haya." Yule akageuka, akaenda kulalia nyama yetu.

Tulitembea kinyumenyume mpaka kijito. Kwenye pikapu Mama akashindwa kuingiza ufunguo. Akanipa.

"Endesha wewe." Kisha, "Nilikuwa nimebakiza hatua ngapi?"

"Thelathini."

"Na wewe ulikuwa unangoja ya ngapi?"

"Sijui, Mama."

Nikawasha gari, na mara nikaona bado ameshika lile kopo, kidole kwenye kitufe, na kila shimo la barabara linamrusha.

"Mama, pini. Hujarudisha pini."

Akatazama mkono wake kama si wake. Akaichomeka.

"Hiyo umesema mapema," akasema, akageukia dirishani.

Habari za pikapu sikumuuliza.